Skana Kuukuu na Negativu za Nyeri

Nyeri ya miaka ya 1950 inajulikana duniani kwa picha chache. Ipo ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, amelazwa kwenye machela, mikono imefungwa pingu, baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Zipo za Treetops, hoteli ya mtini alikolala Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 ambao baba yake alifariki na yeye akarithi ufalme wa Uingereza. Nyingi za picha hizo ni kazi ya wageni au ya watu wa serikali ya kikoloni.

Picha ambazo wenyeji walitaka wapigwe ni nyingine: za arusi, za ubatizo, za kijana aliyeazima suti kabla ya kupanda basi la Nairobi. Zilipigwa katika studio za miji ya kandokando ya Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Mteja aliondoka na picha, mwenye studio akabaki na negativu ili nakala ikihitajika ipatikane. Picha za ukutani zimefifia kwa moshi na jua. Negativu iliyotunzwa bado ina mshono wa koti na maandishi ya kibao cha duka nyuma ya bwana arusi.

Hali ya hewa ya mlimani, hata hivyo, haizifai. Juni hadi Agosti jua huadimika, manyunyu na baridi vikipokezana. Kuvu hustawi kwenye unyevu, na utando wa jelatini unaobeba picha ndio chakula chake. Filamu za asetati zina maradhi yao pia: huoza polepole zikitoa harufu ya siki, kisha husinyaa na kujikunja. Mvuke wake, ukifungiwa koponi, huharakisha kuoza kwa filamu za jirani.

Kuokoa kunawezekana. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi aliyeuawa kwa risasi katika vita vya Biafra mwaka 1968, aliacha kazi iliyokaa miongo kadhaa katika gereji jijini humo. Leo picha hizo zinatazamwa tena, na mwaka 2018 zilitolewa kitabu.

Kuokoa negativu ni kuzigeuza faili za kompyuta kwa skana, na kifaa kinachofaa kwa kazi hii mara nyingi ni cha zamani. Skana za filamu za Nikon Coolscan na Minolta Dimage zilitamba mwanzoni mwa karne hii, kabla kamera za kidijitali hazijaua soko lake. Coolscan V ED husoma nukta 4,000 kwa kila inchi, hivyo fremu ya milimita 24 kwa 36 hutoa picha ya nukta milioni 21 hivi. Taa zake ni za LED, ambazo hudumu sana. Mashine ya miaka 20 inaweza kumulika vizuri hadi leo.

Kinachokwama ni mawasiliano. Kompyuta huhitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuielekeza jinsi ya kuiamuru skana. Nikon Scan iliishia toleo la 4.0.3, la enzi za Windows ya biti 32. Windows ya biti 64, tangu Vista ya 2007, hudai draiva zenye sahihi ya kidijitali, na Nikon haikuzitoa. Apple nayo ilizifungia nje programu zote za biti 32 katika macOS Catalina ya 2019. Basi mwenye skana huchomeka waya, akaambiwa kifaa hakitambuliki, naye akakiuza kama chuma chakavu. Hasara hiyo inaepukika kabisa.

Fundi aanze kwa kutazama tundu la waya nyuma ya mashine. Likiwa la USB, kazi ni nyepesi. VueScan, programu ambayo Ed Hamrick wa Marekani aliianzisha mwaka 1998, huja na njia zake za kuzungumza na skana kuukuu; ni ya kulipia, na isipolipiwa huipiga picha chapa. Asiye na fedha ajaribu Linux, ambayo kupitia SANE, mkusanyiko wa draiva za skana, huzitambua Coolscan kadhaa bila malipo.

Tundu la FireWire, kama la Coolscan 4000 na 9000, hutaka kadi ya kuongezwa kwenye kompyuta ya mezani. Adapta za Apple zilisaidia kwa muda, lakini macOS Tahoe ya 2025 imeacha FireWire. La SCSI, kama la LS-2000, ndilo gumu zaidi. Hapo tiba ni kompyuta ya rika lake: ya mezani, yenye Windows XP, nafasi ya kadi ya PCI na Nikon Scan yenyewe. Kwa studio ya mji mdogo hiyo ndiyo njia ya busara hata kwa skana za USB, mradi kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti, kwa kuwa XP iliacha kulindwa na Microsoft Aprili 2014.

Skana ikishaitika, bado kuna mitego. Kioo kidogo kilichomo ndani ya Coolscan hushika vumbi, na sehemu nyeupe za picha zikaanza kutoa ukungu pembeni. Ufutaji wa vumbi wa Digital ICE nao hutumia miali ya infraredi, inayopenya rangi lakini huzuiwa na fedha iliyomo kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe. Filamu nyingi za zamani mlimani ni za aina hiyo, kwa hiyo ICE izimwe na vumbi liondolewe kwa pampu ya hewa na brashi laini. Negativu za sentimita 6 kwa 6, zilizopendwa sana studioni, haziingii kwenye skana ya milimita 35. Hizo zinataka Coolscan 8000 au 9000, ama skana ya mezani yenye taa ya filamu kama Epson V700.

Fremu moja ya rangi katika TIFF ya biti 16 hufikia megabaiti 128 hivi, kwa hiyo diski mbili zitengwe, zikae nyumba tofauti. Jina na tarehe vilivyoandikwa kwenye bahasha viingizwe katika jina la faili siku hiyohiyo. Negativu zinazonuka siki zitangulie na zitengwe na nyingine, zifuatwe na zenye kuvu, kisha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ambazo rangi zake zinapauka. Za nyeusi na nyeupe zilizo kavu na safi zinaweza kungoja zamu yake.