Kabla ya kulaumu mafuta ya transfoma

Zile transfoma za kwenye nguzo hapa Tandale zimejaa mafuta. Yanapoza, na yanazuia umeme usiruke ndani.

Tunayapimaje? Maabara tunayamimina kati ya elektrodi mbili za metali zilizoachana milimita 2.5, halafu tunapandisha volti mpaka cheche iruke.

Hapo sasa! Elektrodi ikiwa na mikwaruzo, ina vijincha usivyoviona kwa macho. Nguvu ya umeme inasongamana kwenye ncha kama abiria mlangoni mwa daladala, elektroni zinachomoka, cheche inaruka mapema. Mafuta mazima yanaonekana mabovu, na yanaweza kumwagwa bure.

Tena kila cheche huacha kishimo kipya. Kwa hiyo ng'arisha elektrodi kwanza, ndipo uyahukumu mafuta.