Goti likilika: Upasuaji upi unafaa?

KUPANDA matatu huwa kazi. Ngazi za ghorofa nazo hugeuka mlima. Hayo ndiyo masaibu ya watu wengi waliopita umri wa miaka 50, hasa akina mama, ambao magoti yao yamelika.

Maradhi haya huitwa osteoathraitisi. Hutokea wakati gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, unapochakaa hadi mifupa ikaanza kusuguana. Umri, unene na majeraha ya zamani huchangia.

Tiba ya kwanza si kisu. Mgonjwa hushauriwa kupunguza uzito, kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi na kutumia dawa za maumivu alizoandikiwa na daktari. Hayo yakishindwa, ndipo upasuaji hufikiriwa. Je, ni upi?

Kuna ule wa kuosha goti kwa kupenyeza kamera ndogo. Ulipendwa sana zamani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002, uliofanyiwa wagonjwa 180 huko Houston, Marekani, ulionyesha kwamba waliooshwa goti hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu. Ukishauriwa kuoshwa goti kwa sababu ya kulika pekee, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Wa pili ni kukata mfupa wa muundi na kuunyoosha upya, ili uzito uhamie upande wa goti ambao bado ni mzima. Huwafaa zaidi watu wenye umri mdogo, ambao goti limelika upande mmoja.

Wa tatu ni kubadilisha goti, ama upande mmoja au lote. Daktari huondoa sehemu zilizolika na kuweka kiungo cha chuma na plastiki. Mgonjwa huanza kutembea kwa msaada siku hiyo hiyo au kesho yake, ingawa kupona vizuri huchukua miezi kadhaa. Takriban magoti 8 kati ya 10 yaliyobadilishwa lote hudumu miaka 25.

Hata hivyo, kuna hatari ya kidonda kuingia viini na damu kuganda mguuni. Baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu, na wengi huona taabu kupiga magoti. Kwa mtu anayesujudu au anayetumia choo cha kuchuchumaa, hili si jambo dogo. Mwambie daktari mapema.

Usikubali haraka, wala usingoje hadi goti likakamae kabisa, kwani goti lililokakamaa halikunjiki vyema hata baada ya kubadilishwa.

Kabla ya kutia sahihi, uliza gharama yote, pamoja na bei ya kiungo chenyewe, na kiasi kitakacholipwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kuuliza si ujinga. Goti ni lako.