Je, Wajua? Ipo Baa ya Kiayalandi Yenye Umri Mkubwa Kuliko Mgodi wa Mwadui

Mwaka 1940, John Williamson alipogundua almasi Mwadui, jirani na Maganzo, baa ya McSorley's Old Ale House jijini New York ilikuwa imeshatimiza miaka 86. Ndivyo baa yenyewe inavyohesabu, kwamba ilifunguliwa mwaka 1854 na John McSorley, mhamiaji kutoka Ayalandi.

Bia ni za aina mbili tu, nyepesi na nyeusi, na ukiagiza moja unaletewa vikombe viwili vidogo. Sakafuni humwagwa unga wa mbao. Chakula kinachojulikana zaidi ni sahani ya jibini, vitunguu vibichi, biskuti za chumvi na haradali kali. Aliyezoea nyama choma ya Maganzo ataona mlo huo ni mdogo, ila kitunguu kibichi na jibini vinapatana kama kachumbari na nyama. Mpishi asiyebadilisha kinachopendwa anastahili heshima.

Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, mlango haukufungwa; iliuzwa bia hafifu.

Lakini mlango huohuo ulifungwa kwa wanawake kwa zaidi ya karne nzima, na hilo halina utetezi, hata kwa jina la mila. Wanawake wawili walikwenda mahakamani wakashinda, na mwaka 1970 wanawake wakaanza kuhudumiwa. Choo chao kilijengwa mwaka 1986.