Usalama wa Chanjo Hauishii Mpakani

Kabla ya kuidhinishwa, chanjo hujaribiwa kwa maelfu ya watu. Idadi hiyo hutosha kubaini madhara yanayompata mtu mmoja kati ya mia, lakini madhara adimu zaidi huweza kuonekana tu baada ya chanjo kutolewa kwa umma. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa usalama huendelea muda wote chanjo inapotumika.

Funzo la chanjo ya rota

Virusi vya rota husababisha kuhara kukali kwa watoto wachanga. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya RotaShield. Mwaka uliofuata, taarifa za waganga zilionyesha kuwa baadhi ya watoto waliochanjwa walipatwa na tatizo la utumbo kujiingiza ndani ya utumbo na kuziba. Hatari ilikadiriwa kuwa takriban mtoto mmoja kwa kila 10,000, na chanjo hiyo ikaondolewa.

Tanzania ilipoanza kutoa chanjo nyingine ya rota mwaka 2013, swali hilohilo lilihitaji jibu. Kwa kuwa tatizo ni adimu, nchi moja ingesubiri miaka mingi kupata wagonjwa wa kutosha. Hospitali za Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe ziliunganisha taarifa zake. Uchambuzi wa watoto 717, uliochapishwa mwaka 2018, haukuonyesha ongezeko la hatari katika wiki tatu baada ya dozi.

Njia iliyotumika ni kumlinganisha mtoto na nafsi yake. Kama chanjo ndiyo chanzo, matukio hujazana katika siku chache baada ya dozi. Kama sivyo, hutawanyika bila kufuata tarehe ya chanjo. Tarehe hiyo ikipotea, jibu nalo hupotea.

Kanzidata na nyanda za Ufipa

Taarifa za maudhi zinazopokewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huhesabu walioathirika. Hazihesabu waliochanjwa wakabaki salama. Kanzidata ya kielektroniki huonyesha makundi yote mawili. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa chanjo za UVIKO-19 uliohusisha watu milioni 99 katika nchi nane. Kila nchi ilichambua kumbukumbu zake na kutoa majumlisho tu, si majina. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwamo.

Pengo hilo linaeleweka vema Ufipa. Mtoto wa Kalambo huweza kuchanjwa katika zahanati ya kijiji, akaugua na kupelekwa hospitali ya mkoa Sumbawanga, au kuvuka mpaka hadi Mbala, Zambia. Pasipo utambulisho mmoja unaounganisha rejesta ya chanjo na jalada la hospitali, mtoto huyo husomeka kama watoto wawili: mmoja aliyechanjwa, mwingine aliyeugua. Dhara la kweli huweza kufichika, na uvumi usio na msingi hukosa wa kuukanusha.

Kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto haina budi kuhifadhiwa na kupelekwa hospitalini kila anapougua. Mhudumu naye anapaswa kuandika tarehe ya chanjo na namba ya bechi. Kompyuta huunganisha kile tu kilichoandikwa.