Je, Wajua? Paka wa Nyumbani Hawezi Kuishi kwa Ndizi

Je, wajua kwamba paka anayelala juu ya gunia la maharage huko Isingiro, wilayani Kyerwa, ni wa ukoo wa paka pori wa Afrika, ambaye hadi leo anawinda panya katika mbuga zetu? Ndiyo maana ndizi na ugali mtupu havimtoshi. Mwili wake haujitengenezei taurini ya kutosha. Huipata kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Mchanganyie dagaa waliochemshwa bila chumvi. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi wetu tunampa kwa mapenzi, mara nyingi humharisha akishakua. Mwekee maji safi.

Unapochagua mtoto wa paka, mwache kwa mama yake hadi wiki 8. Tafuta mwenye macho yasiyo na tongo na masikio yasiyo na uchafu mweusi. Aliyezoeshwa kushikwa na watu tangu wiki ya 2 hadi ya 7 huwa mpole hata kwa watoto. Mwenye rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na ya chungwa, karibu kila mara ni jike.

Tafadhali, usimpe paka panadol, hata kipande: inaua. Sumu ya panya nayo humfikia kupitia panya aliyeila, hivyo mwenye paka asitege sumu ghalani. Akifikisha miezi 3, mpeleke kwa afisa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.