Miche ya dirishani na wadudu wake: usikimbilie chupa ya sumu

Baridi ya Juni na Julai katika uwanda wa Ufipa haina mzaha. Mji wa Sumbawanga umekaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na yeyote aliyewahi kulala Kasense katika miezi hiyo anaelewa kwa nini mbegu ya nyanya iliyosiwa nje hugoma kuota. Ndiyo maana mwenye busara husia mbegu zake ndani ya nyumba, katika makopo na ndoo zilizotoboka, akazipanga dirishani panapoingia jua la asubuhi.

Kwa wiki mbili tatu mambo huwa mazuri. Kisha, siku moja, majani machanga yanaonekana yamejikunja, yananata, na chini yake wamejazana vijidudu vya kijani au vyeusi. Hapo ndipo mkono unaponyooshwa uvunguni kuitafuta ile chupa ya dawa iliyobaki shambani. Ndugu msomaji, usimamishe mkono huo.

Dawa ya shambani imetengenezwa kwa ajili ya mahali penye upepo. Ukiinyunyiza katika chumba ambacho madirisha yake yamefungwa kwa sababu ya baridi, mvuke wake unabaki humo humo mnamolala, na matone yake yanatua kwenye mkeka anaotambaa mtoto. Nyingi za dawa hizo hudhuru mishipa ya fahamu: aliyedhurika hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, hushindwa kupumua vizuri. Mtu wa namna hiyo hapewi maziwa wala hasubirishwi. Hukimbizwa hospitali pamoja na chupa yenyewe ili mganga aione. Hata ile dawa ya kopo ya kuulia mbu haifai, kwani mafuta yaliyomo huyaunguza majani ya mche.

Wazee wetu wanaukumbuka unga wa DDT, uliosifiwa siku zile kuwa mwarobaini wa kila mdudu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliubana, ukaruhusu utumike tu dhidi ya wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria. Sifa za dawa dukani, basi, si ushahidi.

Turudi dirishani. Vijidudu vile ni vidukari. Kinachowafanya waonekane kama wameshuka kutoka mbinguni ni kwamba jike halihitaji dume. Huzaa watoto walio hai, nao katika muda wa wiki moja hivi huwa tayari kuzaa. Ukiwaona kumi leo, usingoje Jumapili ijayo. Wapanguse kwa kidole au kitambaa kibichi, huku ukiyashikilia majani yasivunjike. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye kopo, wazuie pia: huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Weka kopo juu ya mawe katika sahani ya maji, na daraja lao limekatika.

Waliosalia wamalize kwa sabuni. Paruza sabuni ya mche, ile ya kawaida ya kufulia, ujaze kijiko kimoja cha chai, ukoroge katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Sabuni ya unga iache, huunguza. Jaribu kwanza kwenye jani moja, uone kesho yake kama limedhurika. Likiwa salama, nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, kwa maana sabuni humuua mdudu aliyelowa tu. Ikikauka haina nguvu tena. Asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia kila baada ya siku nne au tano, mara tatu. Wapo wanaosifu maji ya tumbaku, lakini hayo nayo ni sumu ipenyayo ngozi, tena huweza kuipelekea nyanya ugonjwa wa virusi wa tumbaku.

Vipo vijinzi vyeusi virukavyo juu ya udongo kila unapogusa kopo. Kosa hapa ni la maji mengi na samadi isiyooza vizuri. Funza wao hula mizizi midogo. Laza kipande cha kiazi mviringo kibichi juu ya udongo kwa siku mbili, kisha kifunue: funza wakiwapo, utawakuta wamekusanyika, nawe utawatupa pamoja nacho. Acha udongo wa juu ukauke kiasi cha pingili ya kidole kabla ya kumwagilia tena, na utandaze mchanga mkavu.

Mgeni wa kuogopwa zaidi ni kantangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuthibitika nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani la nyanya, akaacha mabaka meupe kama karatasi, wala sabuni haimfikii humo. Chuma jani hilo na ulichome moto. Usiweke nyanya za sokoni karibu na miche, na usiku ifunike kwa kipande cha chandarua chenye matundu madogo sana.

Ikilazimu kununua dawa, mwone kwanza bwana shamba wa kata. Soma kibandiko uone kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikarithi kazi za TPRI ya Arusha. Itoe miche nje ndipo uinyunyize, na usiimimine dawa katika chupa ya soda hata kwa saa moja.

Miche ikifikisha majani manne hadi sita ya kweli, anza kuitoa nje mchana na kuirudisha jioni, kwa siku saba au kumi. Siku ya kuihamishia bustanini geuza kila jani, na mche wenye mdudu ubaki nyuma.