Mtoto wa Kiume Anayetoka Damu Isiyokoma: Tuujue Ugonjwa wa Himofilia

Katika familia nyingi likizo ya mwisho wa mwaka ni wakati wa tohara. Wavulana hupelekwa hospitali au kwa ngariba, hutunzwa kwa siku chache, na baada ya hapo hurudi kucheza na wenzao. Lakini mara moja moja hutokea jambo la kutisha. Mtoto ametahiriwa asubuhi, damu imekoma, kila mtu ameridhika. Usiku inaanza tena kuchuruzika. Siku ya tatu nguo bado zinalowa, na mtoto amekuwa mweupe midomoni. Hapo ndipo minong'ono inapoanza: ngariba alikuwa na mkono mbaya, mizimu haikuridhika, au mama ana siri aliyoificha.

Mwezi huu tutaeleza ugonjwa mmoja unaoweza kuleta hali hiyo. Unaitwa himofilia. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala haukutokana na uchawi au laana. Ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto huzaliwa nao. Ni wa nadra: aina yake iliyo ya kawaida zaidi humpata takriban mtoto 1 kati ya kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa. Wengi wao hawatambuliwi mapema, na kwa sababu hiyo hufa au hulemaa wakati wangeweza kusaidiwa.

Kwa nini damu haikomi?

Mkulima anayetaka kuziba mfereji wa maji hutupia kwanza majani na fito, kisha hukandika udongo. Majani peke yake huzuia maji kwa muda tu. Maji yakisukuma, yanapita.

Mwili nao hufanya hivyo. Mshipa ukikatika, chembe ndogo za damu hukimbilia pale na kuziba tundu. Hayo ndiyo majani. Kisha protini maalumu zilizomo katika damu hufanya kazi kwa zamu, moja ikiiamsha nyingine, mpaka zinatengeneza nyuzi imara za kushikilia ile ziba. Huo ndio udongo. Protini hizo huitwa fakta, na kila moja ina namba yake. Mwenye himofilia aina ya A ana upungufu wa fakta namba 8. Mwenye aina ya B ana upungufu wa fakta namba 9. Aina ya A ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi.

Hivyo mtoto huyu hatoki damu kwa kasi kuliko wengine. Hutoka kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi damu iliyokwisha koma huanza tena baada ya saa kadhaa. Mchubuko mdogo wa ngozi kwa kawaida haumsumbui sana. Hatari yake kubwa ni damu inayovuja ndani ya mwili, mahali pasipoonekana.

Hurithiwa namna gani?

Maagizo ya kutengeneza fakta hizi yamo katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja, aliyoipata kwa mama yake, na Y moja, aliyoipata kwa baba yake. Mwanamke mwenye kasoro katika X moja husaidiwa na ile nyingine iliyo nzima, na mara nyingi hajui kwamba ana kasoro. Mtoto wa kiume hana X ya akiba. Akipata ile yenye kasoro, anaugua.

Mama mwenye kasoro hiyo, kila apatapo mimba ya mtoto wa kiume, uwezekano wa mtoto kuugua ni nusu kwa nusu. Mtoto wa kike naye ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba kasoro na kuja kuwapa watoto wake. Baba mwenye himofilia hawarithishi watoto wake wa kiume, maana huwapa Y. Lakini mabinti zake wote wataibeba kasoro hiyo.

Tena, karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo ugonjwa huu haujapata kuonekana, kwa sababu badiliko limetokea jipya. Kwa hiyo usiseme, "Kwetu hakuna ugonjwa huo, haiwezekani."

Akina baba, someni hapa kwa makini. Mama hakuchagua kuwa na kasoro hii, kama vile hakuchagua kimo chake. Kumlaumu au kumrudisha kwao hakumponyi mtoto. Kunamnyang'anya tu mlezi aliye wa kwanza. Ugonjwa huu umeingia hata katika majumba ya wafalme. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na kasoro hii bila kujijua. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, akiwa na umri wa miaka 30, na kitukuu chake Alexei, mrithi wa ufalme wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1904, aliugua tangu utotoni.

Dalili kwa kufuata umri

Mtoto mchanga: Damu isiyokoma mahali alipochomwa sindano au alipotobolewa kisigino kwa ajili ya vipimo, uvimbe mkubwa pajani baada ya sindano, uvimbe wa kichwa baada ya uzazi mgumu. Akitahiriwa katika siku hizo, damu yaweza kuendelea kwa siku nyingi. Lakini wengine hawaonyeshi dalili yoyote kwa miezi ya kwanza.

Mtoto anayetambaa na kusimama dede: Damu huvilia chini ya ngozi na kuacha mabaka kifuani, tumboni, mapajani na matakoni, mengine yakiwa na kinundu katikati. Wazazi hushangaa, maana hawakumwona akianguka. Majirani huweza hata kudhani mtoto anapigwa. Akijiuma ulimi au akichanika ndani ya mdomo, damu huchuruzika siku nzima.

Mtoto anayetembea na kukimbia: Hapa hutokea dalili iliyo kuu, yaani damu kuvuja ndani ya kiungo. Hushika hasa goti, kifundo cha mguu na kiwiko. Mtoto anayejua kusema husema anasikia joto au kitu kinamtekenya kiungoni, kabla uvimbe haujaonekana. Kisha kiungo huvimba, huwa cha moto, huuma sana, na mtoto hukataa kukikunja au kukikanyagia. Asiyejua kusema hulia tu na kuanza kuchechemea. Damu ikivuja mara kwa mara katika kiungo kilekile, gegedu huliwa, kiungo hukakamaa, na mtoto hubaki mlemavu.

Damu huweza pia kuvuja ndani ya misuli ya paja, ya shavu la mguu, ya mkono, au ya kinena. Akivuja kinenani, mtoto hutembea ameinama na hawezi kunyoosha mguu.

Wenye upungufu mdogo wa fakta huweza kukua bila dalili. Hugundulika siku wanapong'olewa jino, wanapopasuliwa, au wanapopata ajali.

Magonjwa yanayofanana nao

Goti lililovimba huweza kudhaniwa kuwa limeteguka, au kuwa ni baridi yabisi, au maumivu ya selimundu. Msuli uliovimba kwa damu huweza kudhaniwa kuwa jipu. Jipu likipasuliwa, lililomo si usaha bali ni damu, na damu hiyo haitakoma. Kabla mtoto hajapasuliwa, mweleze daktari kama amewahi kutoka damu kwa muda mrefu, au kama mjomba wake aliwahi kufa kwa kutokwa damu.

Jueni pia kwamba kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu huweza kuonyesha kwamba idadi ya chembe zinazoziba majeraha ni ya kawaida. Himofilia hutambuliwa kwa kupima muda wa damu kuganda na kisha kupima kiasi cha fakta yenyewe. Vipimo hivyo hufanyika katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, na hospitali za rufaa za Kenyatta, Nairobi, na Moi, Eldoret. Ombeni barua ya rufaa.

Mambo ya kuepuka

Kukata kimeo, kung'oa yale yaitwayo "meno ya plastiki" na kuchanja chale ni desturi zenye madhara kwa mtoto yeyote. Kwa mtoto mwenye himofilia zaweza kuwa ndizo mwisho wake. Usimchue wala kumkanda kwa maji ya moto kiungo kilichovimba, maana huzidisha kuvuja. Usimpe aspirini, wala dawa kama ibuprofeni na diklofenaki bila daktari anayeujua ugonjwa wake. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Sindano za msulini ziepukwe kadiri inavyowezekana.

Lakini usimnyime chanjo. Mwambie muuguzi habari za mtoto, ili atumie sindano nyembamba na pachomwapo pakandamizwe kwa dakika 10 hivi bila kusuguliwa.

Huduma ya kwanza nyumbani

Jeraha likitoa damu, likandamize kwa kitambaa safi bila kufungua kila mara kuchungulia. Kiungo kikivimba, mpumzishe mtoto, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi au barafu iliyofungwa katika nguo kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno, na kiinue juu ya mto. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usingoje hata saa moja ukiona haya: mtoto amejigonga kichwa, hata kama anaonekana mzima, anaumwa sana kichwa, anatapika, analala mno au amepata degedege, utosi wa mtoto mchanga umevimba, shingo au koo limevimba, tumbo linauma sana, au choo ni cheusi kama lami.

Tiba

Himofilia haiponi kwa vidonge wala mitishamba, lakini ina tiba. Mgonjwa huchomwa mshipani fakta anayopungukiwa, ama anapovuja damu, ama mara kwa mara ili kuzuia. Pasipo na fakta, plazma, yaani maji ya damu, huweza kusaidia. Kwa aina ya A ipo pia dawa iitwayo emisizumabu, inayochomwa chini ya ngozi ili kuzuia kuvuja. Dawa hizi ni ghali sana, ila Shirikisho la Himofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963, hutuma misaada ya dawa katika nchi nyingi zenye uhaba. Ndiyo maana inafaa mtoto aandikishwe kliniki: asiyejulikana hawezi kupangiwa dawa.

Wengine huogopa kwa kuwa walisikia kwamba wagonjwa wengi waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa fakta katika miaka ya 1980. Ni kweli ilitokea. Tangu wakati huo fakta husafishwa kuua virusi, na nyingine hutengenezwa bila kutumia damu ya watu.

Na tohara je?

Suala hili si geni. Walimu wa Kiyahudi wa karne ya 2 waliamua kwamba mama ambaye wanawe wawili wamekufa kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Hawakujua habari za kromosomu, lakini waliona kwamba jambo hili linafuata damu ya mama, nao wakaweka uhai wa mtoto mbele.

Nasi tufanye hivyo. Ikiwa kaka wa mtoto, mjomba, au mtoto wa dada ya mama aliwahi kutokwa damu isiyokoma, ahirisheni tohara mpaka mtoto apimwe. Akigundulika kuwa na himofilia, tohara bado yaweza kufanyika hospitalini, chini ya wataalamu, akiwa amepewa fakta kabla na baada. Kuchelewa mwaka mmoja si aibu.

Mama aliyezaa mtoto mwenye himofilia, akipata mimba nyingine, amweleze mkunga mapema na ajifungulie hospitali. Wapo akina mama ambao wao wenyewe wana upungufu wa fakta, hutoka hedhi nyingi, na huweza kuvuja damu sana baada ya kujifungua.

Mtoto huyu aende shule kama wenzake. Mwalimu aelezwe kwamba asichapwe, asicheze mpira wa miguu wala ngumi, ila atembee na kuogelea, maana misuli yenye nguvu hulinda viungo. Asafishe meno kwa mswaki laini ili yasije yakahitaji kung'olewa.

Kumbuka

Baka lisilo na sababu, goti linalovimba mara kwa mara, damu inayokoma na kuanza tena: dalili hizi zipelekeni hospitali, si kwa mganga. Na jioni ya leo, kabla hamjapanga siku ya tohara, waulizeni bibi na shangazi wa upande wa mama swali moja tu: "Je, katika ukoo wetu yupo mtoto wa kiume aliyekufa kwa kutokwa damu?" Jibu lao laweza kuokoa maisha.